Jani ni jiko: namna mimea inapika chakula kwa mwanga wa jua



Katika mikutano ya vikundi kuna mabishano yanayorudi kila mara, na pengine hata kwenu yako. Wapapa wanasema: "Shamba letu la muhogo linazaa mizizi midogo juu wamama wanachuma sombe kila wiki." Wamama wanajibu: "Sombe ndiyo inalipa masomo ya watoto, ndiyo inanunua chumvi na sabuni. Mizizi inangojewa mwaka muzima. Katikati pale tutakula nini?" Mkutano unaisha, watu wanarudi nyumbani, na maneno yanaendelea usiku kucha.

Siye hatukuja kuhukumu mtu. Lakini tunaona kwamba pande zote mbili zinagombania kitu kimoja ambacho hazijakitazama vizuri, nacho ni jani lenyewe. Jani linafanya kazi gani? Mizizi inatoka wapi? Tukielewa hayo, tutaweza kupanga shamba pasipo kugombana. Ndiyo maana somo la leo tumelitoa kwa usanisinuru, yaani kazi ya mmea ya kupika chakula chake kwa nguvu ya mwanga.

1. Mti unakula nini?

Ukimwuliza mkulima mti unakula nini, wengi watajibu: "Unakula udongo." Jibu hilo si la wajinga. Hata wataalamu wa zamani walifikiri hivyo. Lakini mtu mmoja wa nchi inayoitwa leo Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, alitaka kupima. Alikausha udongo, akapima karibu kilo 90, akauweka katika chombo kikubwa, akapanda humo mche wa mti uliokuwa na uzito wa kilo 2 na kidogo. Kwa miaka 5 alimwagia maji tu. Mwisho wake mti ulikuwa na zaidi ya kilo 70. Udongo je? Alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua kwa gramu zisizofika 100. Habari yake ilitolewa kitabuni mwaka 1648, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Basi zile kilo karibu 70 zilitoka wapi? Van Helmont alisema: zilitoka majini. Alipata nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa mbele ya pua yake na hakuiona, kwa sababu haionekani. Ni hewa.

Hata nyumbani tunaweza kuona jambo hilo. Chukua mzigo mzima wa matawi makavu ya muhogo, uyachome moto mpaka mwisho. Kinachobaki ni majivu ya kujaza sahani moja. Yale majivu ndiyo madini yaliyotoka udongoni. Mengine yote yamepanda na moshi, yakarudi kule yalikotoka: hewani. Katika kilo 100 za mmea uliokaushwa kabisa, karibu kilo 45 ni kaboni, na kaboni hiyo mmea haukuichimba chini. Uliivuta kutoka hewani.

Maneno haya hayasemi kwamba udongo hauna faida. Zile gramu chache za madini ni kama chumvi katika mboga: ni kidogo, lakini bila hizo jikoni hakuendi. Tutarudi kwa jambo hilo mbele kidogo.

2. Jiko, kuni, sufuria

Ili kupika, mama anahitaji vitu vya kupika, moto na jiko. Mmea vilevile.

Vitu vya kupika ni viwili. Cha kwanza ni maji, yanayopandishwa na mizizi. Cha pili ni hewa ya kaboni, ile tunayoitoa mdomoni tukipumua na ile inayotoka motoni. Hewa hiyo ni chache sana: katika lita 10,000 za hewa, hewa ya kaboni ni lita 4 na kidogo tu. Jani linaiingiza kwa vitundu vidogo sana, ambavyo vingi viko upande wa chini wa jani. Macho peke yake hayawezi kuviona.

Moto ni mwanga wa jua. Hapa Kindu tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, bila kuzidi sana wala kupungua sana. Mchana wa jua kali, kila mita mraba moja ya ardhi inapokea nguvu ya karibu wati 1,000. Wenye soleri juu ya nyumba wanajua nguvu hiyo, maana ndiyo inayojaza batri na kuwasha taa usiku.

Jiko ni jani. Ndani ya jani mna vijumba vidogo vya kijani, na ndani ya vijumba hivyo mna rangi inayoitwa klorofili. Klorofili ndiyo inayokamata mwanga. Mwanga wa jua tunauona kuwa mweupe, lakini ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Klorofili inakamata sana rangi nyekundu na rangi ya buluu, na rangi ya kijani inaiacha zaidi kuliko zile. Ile iliyoachwa inarudi kwa macho yetu. Kumbe shamba linaonekana kijani kwa sababu kijani ndiyo rangi ambayo jani halikuitumia sana.

Upishi wenyewe unafanywa kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza inahitaji mwanga. Klorofili ikiisha kukamata mwanga, nguvu yake inatumika kupasua maji. Maji yakipasuka, oksijeni inatoka na kwenda hewani. Hiyo ndiyo hewa tunayovuta sisi, mbuzi, samaki na kila kitu kinachopumua. Nguvu inayobaki inawekwa katika vitu vidogo ambavyo wataalamu wanaviita ATP na NADPH. Mfikirie kama pesa ndogo za mkononi sokoni: zinapita mkono kwa mkono, hazikai.

Hatua ya pili haikamati mwanga yenyewe. Inatumia zile pesa ndogo za hatua ya kwanza kununua kitu cha kudumu. Hewa ya kaboni inaunganishwa na kutengenezwa kuwa sukari. Njia ya hatua hii ilifuatiliwa na mtaalamu wa Marekani, Melvin Calvin, pamoja na wenzake, na mwaka 1961 Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo.

Kwa hesabu fupi: sehemu 6 za hewa ya kaboni na sehemu 6 za maji, pamoja na nguvu ya mwanga, zinatoa sehemu 1 ya sukari na sehemu 6 za oksijeni.

Sukari hiyo ndiyo mwanzo wa vyote. Mmea ukiipanga mistari mirefu inakuwa wanga wa muhogo na wa mchele. Ukiipanga kwa namna nyingine inakuwa nyuzi na mbao. Ukiibadilisha inakuwa mafuta ya ngazi. Ukiichanganya na nitrojeni, ile wengine wanaiita azoti, inakuwa protini ya kalanga na ya maharagi. Mwanga wa jua unageuka kuwa nguvu ya akiba. Mtu akila bugali asubuhi na kwenda kulima, anatumia mwanga wa jua wa mwaka uliopita.

3. Depo na matumizi

Kila mwanachama wa koperative anajua: kinachoingia depo si kile kilichovunwa chote. Kingine kimeliwa njiani. Mmea pia uko hivyo. Mchana unapika, lakini mchana na usiku unapumua kama sisi, na kwa kupumua unatumia sukari yake. Karibu nusu ya sukari yote inayopikwa inatumiwa na mmea wenyewe kwa kuishi na kukua. Kinachobaki ndicho kinachotumwa depo.

Depo ya muhogo ni mzizi. Depo ya mpunga ni punje. Depo ya mngazi ni tunda. Hakuna depo hata moja inayopika. Mzizi wa muhogo haujitengenezei wanga. Unangoja kuletewa kutoka juu. Jiko likiwa dogo, depo itakuwa tupu, hata udongo ukiwa mzuri namna gani.

Na jiko lenyewe halipotezi kidogo. Katika mashamba mengi, nguvu ya mwanga inayogeuka kuwa mmea ni sehemu 1 au 2 tu kwa 100. Mwanga mwingine unaanguka kwa udongo mtupu, kwa majani mabaya, au unapita bila kukamatwa. Kwa hiyo mkulima hawezi kuongeza jua, lakini anaweza kuongeza sehemu inayokamatwa. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Turudi kwa sombe

Sasa tunaweza kutazama ule ugomvi wa mwanzo. Wapapa wanasema kweli: jani likichumwa, jiko limepunguzwa. Mmea uliochumwa sana unafanya jambo lingine pia: unachukua wanga uliokwisha kuwekwa mzizini ili kutengeneza majani mapya. Ni kama koperative inayouza mbegu zake ili kununua jembe. Ukichuma kila wiki, mmea unakopa kila wiki, na mzizi hauwezi kunenepa.

Lakini wamama nao wanasema kweli. Sombe ni chakula chenye protini ambayo mzizi hauna, na ni pesa inayoingia wakati hakuna nyingine. Tena, si majani yote yanapika sawasawa. Majani ya chini kabisa, yaliyozeeka na kufunikwa na kivuli, hayapiki kitu kikubwa na yataanguka yenyewe. Majani yaliyokomaa ya katikati na juu, yanayopata jua, ndiyo yanayobeba kazi. Shida ni kwamba sokoni watu wanataka yale mateke ya juu.

Basi tunashauri hivi:

Kwanza, tengeni sehemu mbili. Sehemu ndogo karibu na nyumba iwe ya sombe: pandeni karibu karibu, chumeni mara kwa mara, msiingoje mizizi mikubwa humo. Sehemu kubwa iwe ya mizizi.

Pili, katika sehemu ya mizizi, msichume kabla mmea haujafika miezi 4. Wakati huo mmea unajenga jiko lake na kuanza kuweka akiba. Baadaye mnaweza kuchuma, lakini acheni angalau nusu ya majani juu ya kila mmea, na mpumzishe mmea karibu miezi 2 kabla ya kurudi.

Tatu, pesa ya sombe iandikwe katika hesabu ya shamba kama vile pesa ya mizizi. Kitu kisichoandikwa kinadharauliwa, na mara nyingi ni kazi ya wamama ndiyo haiandikwi.

5. Mozaiki ni jiko lililotoboka

Mnajua ule ugonjwa wa muhogo ambao majani yanakuwa na madoa ya manjano, yanajikunja na kuwa madogo. Ni mozaiki. Unaletwa na virusi. Vinabebwa na inzi wadogo weupe wanaokaa chini ya majani, na vinabebwa pia na sisi wenyewe tukikata vipande vya kupanda kutoka kwa mmea mgonjwa.

Sasa mnaelewa juu ya nini unaharibu mizizi hata kama haugusi mzizi. Pale jani ni la manjano, klorofili imepungua. Pale jani limejikunja, nafasi ya kukamata mwanga imepungua. Mmea unasimama, uko hai, lakini unapika kwa nusu jiko. Dawa ya kuuponya mmea haiko. Kinga ndiyo iko: kuchagua vipande kutoka kwa mimea mizima tu, kung'oa mgonjwa mapema ukiwa bado mdogo, na kutafuta aina zinazovumilia ugonjwa, kama zile zilizotolewa na INERA. Yule anayemgawia jirani vipande vya mmea mgonjwa anamgawia jiko lililotoboka, hata kama moyo wake ni mwema.

6. Mpunga, mahindi na vita vya mwanga

Mpunga Maniema si mgeni. Uliletwa na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani katika karne ya 19, wakati wa Nyangwe na Kasongo, na mpaka leo jimbo letu linajulikana kwa mchele. Lakini wengi wetu tunamwaga mbegu ovyo, halafu tunachelewa kupalilia.

Katika mpunga, punje nyingi zinajazwa na majani matatu ya juu, na zaidi na lile la mwisho linalosimama karibu na suke. Tangu mpunga kuchanua mpaka kukomaa ni karibu siku 30. Siku hizo jani la mwisho likikatwa, likiliwa na wadudu au likifunikwa na majani mabaya, suke litatoka na makapi. Kwa hiyo kupalilia mapema, wiki za kwanza kabisa, si usafi wa kupendeza macho. Ni kugombania mwanga, maji na chakula cha udongo kabla adui hajakuwa mrefu kuliko mtoto wetu.

Mahindi na miwa ziko na ufundi wa pekee. Mimea hiyo inakusanya hewa ya kaboni kwanza na kuisukuma ndani, kabla ya kuanza kupika. Kwa hiyo inafanya kazi vizuri sana kwa jua kali na joto, lakini kwenye kivuli inapata hasara kubwa. Msipande mahindi chini ya mingazi iliyokwisha kufunga. Pale kivuli ni kingi, majimbi na tangawizi yatavumilia zaidi.

Zile nyasi ndefu zenye majani makali, zinazoingia shamba lililochoka, nazo ziko na ufundi uleule wa mahindi. Ndiyo maana zinashinda juani. Lakini kwa sababu hiyohiyo zinaogopa kivuli. Ukizikata na kisha kupanda kunde au mmea mwingine unaotambaa na kufunika udongo, unazinyima moto wa jiko. Zitadhoofika polepole kuliko kwa jembe, lakini jembe peke yake linazikata na kuzizidisha, maana kila kipande cha mzizi kinachobaki kinaota tena.

7. Moshi unabeba nini?

Tumesema majivu ni madini. Tukichoma pori kabla ya kupanda mpunga, majivu yanaacha potasi, chokaa na fosforasi juu ya udongo. Mwaka wa kwanza mpunga unacheka. Lakini nitrojeni, sehemu kubwa yake, haibaki katika majivu. Inapanda na moshi. Na klorofili haiwezi kutengenezwa bila nitrojeni. Ndiyo maana mwaka wa pili na wa tatu majani yanaanza kuwa manjano, na tunasema shamba limechoka. Tunahama, tunakata pori lingine, mbali zaidi na nyumba, na wamama wanabeba mizigo kwa njia ndefu zaidi.

Hatusemi kila mtu aache moto leo. Tunajua kazi ya kusafisha pori kwa mikono. Tunasema: matawi mazito yakisogezwa kando na majani yakiachwa kuoza juu ya udongo, sehemu ya nitrojeni inabaki. Na mimea ya jamii ya kunde, kama kalanga, soya na maharagi, inaweza kurudisha nyingine. Mizizini mwake kuna vinundu vidogo vyenye bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani. Wanalipwa kwa sukari iliyopikwa na jani. Hata hapo, ni mwanga unaolipa mbolea.

8. Wapishi wa kwanza: sianobakteria

Kabla ya muhogo, kabla ya mngazi, kabla ya mti wowote, kulikuwa na viumbe vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, vinavyoitwa sianobakteria. Hivyo ndivyo vilivyoanza ufundi wa kupasua maji kwa mwanga na kutoa oksijeni. Zaidi ya miaka miliari 2 iliyopita vilianza kuijaza dunia hewa tunayovuta. Na vile vijumba vya kijani ndani ya jani, wataalamu wanakubali kwamba ni wazao wa sianobakteria walioingia kukaa ndani ya kiumbe kingine zamani sana, wakabaki. Kwa hiyo kila jani la sombe ni nyumba ya wapangaji wa kale ambao hawakuhama tena.

Hata leo wako kati yetu. Ule utando wa kijani, au wa kijani kilichochanganyika na buluu, unaouona juu ya udongo wenye unyevu au katika maji ya bondeni, mara nyingi ni wao. Wengine wana faida mbili: wanapika kwa mwanga, tena wanavuta nitrojeni kutoka hewani. Katika mashamba ya mpunga ya maji, hukadiriwa kuwa wanaweza kuleta kilo 20 hadi 30 za nitrojeni kwa hekta moja kwa msimu. Vietnam na China wakulima wametumia kwa muda mrefu mmea mdogo unaoelea, azola, ambao ndani ya majani yake wanakaa sianobakteria. Wanauacha ufunike maji, halafu wanauzika udongoni kama mbolea. Wale wenye mpunga wa bondeni wasifikiri basi kwamba kila utando wa kijani ni uchafu wa kuondoa.

Afrika yetu nayo iko na mifano. Huko Kenya katika Ziwa Nakuru, na Tanzania katika Ziwa Natron, ndege wa heroe wanakula sianobakteria, na rangi yao ya waridi inatoka kwa chakula hicho. Upande wa Ziwa Chad, wamama wa Kanem wanachota sianobakteria ya aina ya spirulina, wanaikausha juu ya mchanga, wanaikata vipande na kuiuza sokoni kama kiungo cha mchuzi.

Lakini tahadhari! Si kila maji ya kijani ni chakula. Katika Ziwa Viktoria, upande wa Kisumu, sianobakteria wa aina nyingine wanazidi sana pale maji yanapopokea uchafu na mbolea nyingi, na wanaweza kutoa sumu. Kwa hiyo, kisima au bwawa la samaki likigeuka kijani kizito kama rangi ya kupaka nyumba, msinywe maji yake, msinyweshe mbuzi, msiogeshe watoto humo. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Tafuteni maji mengine, na mzuie mavi ya mifugo na mbolea yasitiririke kuingia humo.

9. Jaribio la kuona kwa macho

Mwaka 1771 Joseph Priestley wa Uingereza aliona kwamba mmea unaweza kurudishia uzima hewa ambayo mshumaa ulizimikia ndani yake. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz wa Uholanzi alionyesha kwamba ni sehemu za kijani tu zinazofanya hivyo, tena mwangani tu. Ninyi pia mnaweza kuona jambo hilo kikundini, bila mashini.

Chukueni majani yanayoota chini ya maji katika kijito au bwawa. Yatieni ndani ya chupa nyeupe ya plastiki iliyojaa maji yaleyale ya bwawa. Wekeni chupa juani na mngoje dakika 15. Mtaona mapovu madogo yakitoka kwenye majani na kupanda. Hesabuni mapovu ya dakika moja. Kisha wekeni chupa kivulini ndani ya nyumba, ngojeni tena, muhesabu tena. Yatapungua au kukoma. Mapovu yale kwa sehemu kubwa ni oksijeni, nanyi mtakuwa mmeona jiko likiwaka na kuzimika.

10. Jaribio la kumaliza ugomvi

Na hili ndilo tunalotaka kila koperative ifanye msimu huu. Chagueni mimea 30 ya muhogo ya aina moja, iliyopandwa siku moja, isiyo na mozaiki, na isiyo ya ukingoni mwa shamba. Igawanyeni makundi matatu ya mimea 10. Makundi yachanganyike katika mistari, yasikae kila moja upande wake, juu udongo haufanani mahali pote.

Kundi la kwanza: msichume jani hata moja.
Kundi la pili: kuanzia mwezi wa 4, chumeni nusu ya majani kila baada ya miezi 2.
Kundi la tatu: kuanzia mwezi huohuo, chumeni kila wiki, kama mlivyozoea.

Kila mara pimeni sombe kwa kilo, na mwandike katika daftari pamoja na bei ya sokoni siku ile. Mwezi wa 12, ng'oeni mimea yote siku moja, mpime mizizi ya kila kundi, mwandike na bei yake. Kisha jumlisheni: pesa ya sombe pamoja na pesa ya mizizi. Daftari lishikwe na watu wawili, papa mmoja na mama mmoja, na lisomwe mbele ya mkutano.

Hatujui daftari lenu litasema nini, maana udongo wa Kailo si udongo wa Kibombo, na bei ya Kindu si bei ya kijijini. Inawezekana kundi la pili litashinda yote. Inawezekana mahali pengine sombe ya kila wiki italeta pesa zaidi kuliko mizizi inavyopoteza, na wapapa watapashwa kukubali. Vyovyote vile, mtakuwa mmejibiwa na shamba lenyewe.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Ni sehemu gani ya shamba lako ambayo mwanga unaanguka kwa udongo mtupu, na ungepanda nini pale? Majani mabaya yanapita urefu wa mpunga wako wiki ya ngapi? Nani nyumbani kwako anaamua siku ya kuchuma sombe, na nani anaamua siku ya kung'oa mizizi? Je, hao wawili walikwisha kukaa pamoja na kupanga?

Tuandikieni mliyoyaona, na mtupe hesabu za daftari lenu, nzuri na mbaya. Tutazichapisha hapa ili koperative nyingine zijifunze. Kazi njema kwenu wote.